Mizigo ya Magazini

Alida alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mawe, daftari la majina mkononi, alipomwona kaka yake Révérien akinywa maji kando ya pipa. Kwa jinsi alivyowapanga watu asubuhi ile, Révérien alipaswa kuwa ndani.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, na nusu ya mtaa wa Biryogo, Kigali, ilikuwa imetoka kufanya kazi ya pamoja. Safari hii hawakuzibua mitaro wala kufyeka majani. Walijipanga mstari mmoja kutoka kwenye lori hadi mlango wa jengo la zamani wanaloliita Magazini, wakapitishiana matofali mkono kwa mkono. Tofali lilipita kwa washonaji, kwa wauza samaki, kwa vijana wa pikipiki, kwa akina mama wenye watoto mgongoni, likaingia mlangoni na kupotea kwenye giza la chumba cha ndani, ambako fundi alipangiwa kuyapokea. Fundi mwenyewe ni Révérien. Na Révérien alikuwa hapa nje, anafuta maji kidevuni.

"Kaka, nani anapokea kule ndani?"

"Siko najua. Mimi nilitoka kitambo, niliona chokaa inakauka."

Alida akautazama mstari. Matofali yalikuwa bado yanaingia, moja baada ya jingine, bila kukwama. Mtu wa mwisho aliyeonekana kwenye mwanga alikuwa Shallon, msusi wa saluni ya pale jirani. Alida alimsogelea.

"Shallon, unampa nani?"

"Fundi. Si ndiye anapokea? Ila mikono yake iko baridi kama ya samaki."

"Fundi yuko kwenye pipa."

Shallon aligeuza shingo kutazama, mikono yake ikiwa bado imenyooshwa gizani na tofali juu yake. Aliporudisha mikono, ilikuwa mitupu.

Alida alisimamisha kazi. Akawasha taa ya simu, akaingia na Révérien. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu na kidirisha cha nondo ambacho hata paka angekiona chembamba. Hapakuwa na mtu. Matofali hayakuwa yametupwa ovyo. Yalikuwa yamepangwa mafungu mafungu kuzunguka ukuta, kila fungu limeachana na jenzake kwa nafasi ya mtu mmoja kusimama. Alida aliyahesabu bila kujua kwa nini anayahesabu. Mafungu ishirini na matatu.

"Kuna mtu ametusaidia, akaona haya kusema," Révérien akasema, akacheka. Lakini alipotoka, alitoka kinyumenyume.

*

Alida na Révérien walizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na Kiswahili walikinywa pamoja na maziwa. Walikuja Kigali wakiwa watu wazima, wakapanga nyumba moja ndogo Batsinda, kaka fundi ujenzi, dada akihangaika na kazi hii na ile. Kazi hii ya Magazini ndiyo ya kwanza aliyoipenda. Chama cha wakazi kilikuwa kimeamua kulifufua jengo, na Alida aliajiriwa kuleta watu: apite nyumba hadi nyumba, awaandikishe, awapange, awafanye waone jengo ni lao. Mwisho wa kazi pangekuwa chumba cha kusomea cha mtaa mzima.

Kila mtu alijua kwamba Magazini ilikuwa bohari ya ngozi za ng'ombe. Wachache walijua kwamba kabla ya ngozi, wakati wa ile vita ya kwanza ya Wazungu, Wabelgiji walipokuwa wakiwafukuza Wajerumani kuelekea Tabora, walifungia watu mle. Msanifu wa mradi, Bwana Mutsinzi, aliyekulia Kampala, aliandika jambo hilo kwenye ubao wa nje kwa mstari mmoja. "Watu wanataka kusoma, hawataki kulia," alimwambia Alida.

Jumanne iliyofuata, saa sita mchana, Révérien alikuwa anabandua plasta ya zamani kwenye ukuta wa ndani pale mwiko wake uliposikika ukigonga utupu. Akabomoa kidogo. Nyuma ya plasta palikuwa na shubaka lililozibwa kwa udongo, na ndani ya shubaka zilikuwa zimerundikwa ngata, zile duara za majani ya mgomba watu wanazoweka kichwani chini ya mzigo. Zilikuwa kavu, nyeusi, zimebanwa na vichwa vya watu mpaka zikachukua umbo la vichwa hivyo.

Alida akaziandika kwenye daftari. Alipofika ya mwisho, kalamu ilisita. Zilikuwa ishirini na tatu.

"Angalia," Révérien akasema. Alikuwa ameichukua moja, ameiweka kichwani, na juu yake amejitwika mfuko wa simenti. Akatembea chumbani kwa maringo, mikono kiunoni, kama wanawake wa sokoni. "Iko inanitosha kabisa! Ni kama walinipima!"

"Toa, kaka. Si vyako."

"Wewe, wenyewe walikufa zamani."

Akautua mfuko, akaivua ngata, akairudisha. Halafu akajishika utosi, akakunja uso kidogo, kama mtu aliyesahau kitu.

*

Siku ya kwanza, Révérien alilalamika shingo. Siku ya pili, walipokuwa wanapanda basi Remera, aliinama sana mlangoni, akakunja magoti, akaingia kwa kuchuchumaa, ilhali mlango ule hata mtu mrefu kuliko yeye aliupita wima. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Siku ya tatu Alida aliamka akamkuta amesimama wima sebuleni, mgongo hajauegemeza popote, amelala huku macho yamefumba nusu.

"Mbona hulali kitandani?"

"Ukilala, inaanguka."

"Nini inaanguka?"

Alikuwa anamtazama dada yake kwa macho tu, bila kugeuza kichwa.

Kituo cha afya walimpiga picha ya shingo, wakasema mifupa mizima, apunguze kubeba vitu vizito. Alipewa dawa ya kuchua. Alida akamchua kila asubuhi kabla ya kazi, na kila asubuhi aliona shingo ya kaka yake imeingia ndani kidogo zaidi, kama kigingi kinachopigwa nyundo, mpaka masikio yakakaribia mabega. Nyumba ikaanza kunuka. Si jasho la kaka yake, analijua. Ilikuwa harufu ya kamba iliyolowa, ya ngozi mbichi, ya watu wengi waliolala wamesimama mahali pasipo na hewa.

"Kila siku wanaongeza mmoja," Révérien alimwambia siku ya tisa, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili. "Leo ni tisa. Alida, dada yangu, naomba unitue."

"Nikutue nini? Hakuna kitu kichwani kwako."

"Nitue tu."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, redio ya jirani inaimba. Alida alijiona mjinga, lakini aliinua mikono yake yote miwili, akaipeleka juu ya kichwa cha kaka yake, polepole, kwenye hewa tupu aliyoiona kwa macho yake kuwa ni hewa tupu, akipapasa kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani, akiwa na tabasamu dogo la aibu midomoni, na tabasamu hilo lilikuwa bado lipo pale vidole vyake vilipogusa gunia lililolowa, na chini ya gunia ukingo wa sanduku la mbao, na juu ya sanduku mzigo mwingine, na mwingine, umefungwa kwa kamba zilizokaza hata zikawa ngumu kama chuma, mnara mzima wa vitu visivyoonekana uliopanda kupita dari, na alipojaribu kusukuma, mnara ule ukamrudishia msukumo, taratibu, kama mnyama mkubwa anayejiegemeza, na kwa mara ya kwanza akasikia, juu kabisa, mahali ambapo dari ya bati ilipaswa kuwa, mtu akihema.

Alida alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. Rozari iliyokuwa imetundikwa pale ikaanguka sakafuni.

"Umeigusa," Révérien akasema. Machozi yalimtoka bila uso wake kusogea. "Sasa umejua siko mwendawazimu."

*

Hakumwambia mtu, lakini mtaa ulikuwa tayari una lake. Watu wa kujitolea walipungua. Waliokuja walikataa kuingia chumba cha ndani. Shallon alifika siku hiyo alasiri, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Mama, mikono yangu haipati joto tangu ile umuganda. Wateja wangu wanalalamika nikiwashika kichwa." Akashusha sauti. "Twende kwa Bi Leila. Ila usimwambie Mutsinzi."

Bi Leila alikuwa mshonaji katika kichochoro nyuma ya msikiti. Mama mnene, miwani puani, futi ya kupimia shingoni. Asubuhi alishona kanzu na sare za shule. Alasiri aliwasomea watu waliosumbuliwa. Wazee wake walikuja na misafara kutoka Ujiji, na Kiswahili chake kilikuwa bado na ladha ya huko. Alimsikiliza Alida mpaka mwisho, mguu wake ukiwa juu ya pedali ya cherehani bila kuikanyaga.

"Ulipita hapa kwangu mwezi wa tatu," akasema. "Na daftari lako. Unakumbuka ulichoniuliza?"

"Nilikuuliza kama utakuja kubeba matofali."

"Nikakwambia magoti yanauma, ukaniandika 'hawezi', ukaenda. Kichochoro kizima uliwauliza mikono yao, mwanangu. Hukumwuliza hata mmoja anajua nini."

Alida aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Sasa nakuuliza."

Bi Leila akavua miwani. Alisimulia kwa sauti ndogo, akisimama kila mtu alipopita mlangoni.

"Waliofungiwa mle walikuwa wapagazi. Walikamatwa mashambani wabebe mizigo ya vita. Ishirini na watatu walijaribu kutoroka, wakarudishwa. Adhabu yao ilikuwa hii: wafungiwe na mizigo yao imefungwa vichwani na mabegani, wasiweze kukaa wala kulala, mpaka msafara utakapoondoka. Askari wa zamu alikuwa babu wa mama yangu. Usiku ikaja amri ya haraka, msafara ukaondoka kabla ya alfajiri, na mwenye ufunguo akaondoka nao. Walisikika siku tatu. 'Tueni. Tueni.' Watu wa hapa waliogopa kuvunja mlango wa serikali. Walipouvunja, palikuwa kimya."

Shallon alikuwa ameziba mdomo.

"Waliwazika kwa heshima, ngata zao wakazifungia ukutani kwa dua. Babu alirudi baada ya miaka miwili, kichaa. Alikuwa anasema neno moja tu. Kwamba alipokuwa anafunga mlango, alitamka gizani, kama mzaha: 'Haya, shika hii mpaka turudi.' Na kuna kitu kilimjibu, 'Naam.'"

"Roho zao?" Alida akanong'ona.

"Wafu hawarudi, mwanangu. Wamepumzika. Aliyejibu ni jini. Alikuwapo mahali pale kabla ya ukuta. Alipewa amana na yeye akaikubali, na jini akikubali amana haiachi. Miaka zaidi ya mia anangoja mbebaji aje avae ngata yake. Kaka yako akaja, akaivaa."

"Atamwongezea mpaka ngapi?"

Bi Leila akavaa miwani yake. Alida hakuhitaji kujibiwa. Alikuwa ameyaona mafungu yale kwa macho yake.

*

Walikwenda Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Révérien aliletwa na gari la kukodi lenye paa lililofunguliwa, maana hakuweza tena kukaa ndani ya gari la kawaida. Siku hiyo mizigo ilikuwa kumi. Alitembea kwa hatua za nusu futi, miguu inatetemeka, na pale alipokanyaga udongo laini wa uani, nyayo zake zilizama mpaka kifundoni.

Habari zilikuwa zimetangulia. Ukuta wa nje ulijaa watu waliosimama kimya. Bwana Mutsinzi aliwahi mlangoni, kofia ngumu kichwani, simu mkononi.

"Alida, please. Wiki ijayo nina wageni. Hii iko nini? Nyinyi mnanifanyia uchawi kwenye site yangu?"

"Tazama miguu yake, Bwana Mutsinzi," Alida akasema.

Mutsinzi akatazama nyayo zile. Akazitazama muda mrefu, kama mtu wa vipimo anavyotazama kipimo kinachokataa. Kisha akasogea pembeni.

Ndani, Bi Leila alifukiza ubani, akanyunyiza maji aliyoyasomea kwenye pembe nne, akamsimamisha Révérien katikati, akaanza kusoma. Alida alisimama karibu na mlango na rozari yake mfukoni, hajui kama anafanya dhambi, na hajali. Mwanzoni palisikika sauti ya Bi Leila peke yake. Baadaye, chini ya sauti hiyo, ikaja kamba. Kamba inayolia inapokazwa. Iliuzunguka ukuta, kwanza upande mmoja, halafu pande zote, na ile harufu ya ngozi mbichi ikapanda hata ubani ukafa, na mwanga wa mlangoni ukawa kama umerudi hatua moja nyuma, ukakataa kuingia, na ndani ya lile giza la mchana Alida akahisi kwamba nafasi zote zile za mtu mmoja mmoja kando ya ukuta zimejaa vitu vilivyosimama, na kwamba kati ya vitu hivyo kuna kimoja kisichobeba kitu, kinachopita polepole mbele ya vingine, kama mtu wa zamu anayekagua, na kilipofika mbele ya Révérien kikasimama, na mdomo wa kaka yake ukafunguka.

"Mbona mwaja na kelele?" Haikuwa sauti ya Révérien. Ilikuwa ya mtu mzima, mtulivu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kale. "Hapa pana kazi."

"U nani?" Bi Leila akauliza.

"Mlinzi."

"Walinda nini?"

"Mizigo. Niliambiwa nishike mpaka warudi. Huyu amevaa ngata, nampakia. Mbebaji akija hupakiwa."

"Huyu si mbebaji. Alifanya mzaha."

"Aliyeniachia naye alifanya mzaha. Mimi sikufanya."

Bi Leila aliikaza futi ya kupimia shingoni. Kisha mama yule akapiga hatua mbele, akasema, "Mimi ni kitukuu cha askari aliyekuachia. Tumerudi. Nikabidhi."

Halafu ile sauti, kwa upole mkubwa: "Haya. Pokea."

Bi Leila alipiga magoti kama aliyekatwa. Miwani ilimtoka. Alida akamdaka chini ya kwapa, na uzito aliouhisi ulimrusha yeye mwenyewe ukutani.

"Si wa mtu mmoja!" Bi Leila alitweta. "Ni mmoja tu amenipa, na siwezi... Alida, waite. Waite watu!"

Alida alikimbilia mlangoni. Nje walikuwa pale pale, nyuso mia moja, wote wamesikia. Miezi sita alikuwa amewaita watu hawa kwa maneno matamu, urithi wetu, jengo letu, chai na mandazi baada ya kazi. Sasa hakuwa na neno hata moja tamu.

"Kuna mizigo ishirini na mitatu ndani," akasema. "Ni ile ya wapagazi, mingine iko juu ya kaka yangu, mingine inangoja zamu. Kila mtu abebe mmoja, atoke nao, autue kwenye jua. Ni mizito na inaogopesha. Mkikataa siwezi kuwalaumu. Lakini kaka yangu atakufa."

Mtu mmoja aligeuka akaondoka mbio. Wengine wakamtazama akiondoka, na Alida akaona wengi wakipima kumfuata.

"Mikono yangu ilishazoea baridi yake," Shallon akasema, akapita. Aliingia, akainama mbele ya Révérien kama anayebatizwa, akashtuka, akakunja magoti, akanyooka. Alitoka akitembea kwa tabu, mikono imeinuliwa kushika kitu kisichoonekana. Kwenye jua akakitua, na udongo wa uani ukabonyea.

"Ni chumvi," akasema, akishangaa. "Nimenusa. Ni chumvi."

"Mwambie umefika!" Bi Leila akapiga kelele kutoka ndani. "Mwenye mzigo, mwambie amefika!"

"Umefika," Shallon akaiambia hewa, na akaanza kulia.

Baada yake alikuja mpika chapati. Baada yake washonaji wawili, mmoja akiuchukua ule uliomlemea Bi Leila, kisha kijana wa pikipiki na kofia yake ya chuma, kisha mama aliyemkabidhi mwenzake mtoto kwanza. Hawakuwa na haraka wala ujasiri mkubwa. Wengine walisukumwa na wake zao. Mmoja alitua sanduku la risasi, akasema zilikuwa zikigongana ndani. Mwingine nguzo za hema. Bwana Mutsinzi alivua kofia yake ngumu, akasema kwa aibu, "Mimi sijawahi kubeba kitu kichwani," na Bi Leila, ameketi sakafuni, akamwonyesha namna ya kukaza shingo. Alitoka uso umemwiva, jasho linamchuruzika. Alipoutua wake alichutama kando yake muda mrefu.

"Ni beseni," akasema. "Beseni la bati la Mzungu kuogea." Akapangusa uso. "Mtu alikufa kwa kubeba beseni la kuogea."

Wa mwisho aliubeba Alida. Hakuujua ulikuwa mzigo gani. Ulikuwa laini, wenye joto, na ulinuka moshi wa nyumbani, na njia nzima ya hatua kumi na nne kutoka chumbani hadi kwenye jua alihisi kuwa huu haukuwa wa jeshi. Huu mtu aliuficha chini ya mizigo ya wengine, kitu chake mwenyewe alichotoka nacho kwao. Akautua kwa mikono miwili.

"Umefika," akasema.

Nyuma yake, ndani, Révérien alianguka chali. Alipomfikia alikuwa amelala sakafuni mikono imetanuka, shingo imerefuka tena kama ya mtoto mchanga anayejinyoosha, akikoroma.

*

Alilala siku mbili. Alipoamka aliomba maharage na ndizi, na Alida akajua amepona.

Ngata zilizikwa kwenye makaburi ya zamani pamoja na wenyewe, na padri na maalimu wote walikuwapo. Mutsinzi aliahirisha wageni. Ubao wa nje uling'olewa, na mwingine ukaandikwa, mrefu, kwa maneno aliyoyatoa Bi Leila na wazee wengine wa vichochoro ambao safari hii Alida aliwatembelea bila daftari.

Baada ya umuganda uliofuata, wakazi walikaa mkutano uani. Mutsinzi alikuwa ameshaagiza mlango wa mninga kwa chumba cha ndani, wenye kufuli la chuma. Bi Leila akainua mkono.

"Mlango usiwepo."

"Mama, vitabu vitaibiwa."

"Mizigo imeondoka. Mlinzi hajaondoka. Aliambiwa ashike, hakuambiwa mwisho wa zamu, na mwenye haki ya kumwambia alikufa kichaa kabla mama yangu hajazaliwa. Mkimfungia mlango, atajua mmempa kitu kingine cha kushika. Na mle ndani kutakuwa na watu wanasoma."

Hakuna aliyecheka. Mikono ikainuka, yote. Vitabu viliwekwa chumba cha mbele. Chumba cha ndani kikabaki na mabenchi, na mwanya mtupu pale mlango ulipopaswa kuwa.

Miezi miwili ikapita bila jambo. Wanafunzi walizoea. Alida aliajiriwa kukisimamia chumba. Alasiri moja ya mvua, mwalimu mmoja aitwaye Winifred, mwanamke kijana aliyekuja mara nyingi kusahihisha daftari za wanafunzi wake pale palipo kimya, alitoka chumba cha ndani akijifunika koti, akasimama kwenye meza ya Alida.

"Asante sana. Na yule mzee wenu wa ulinzi iko na adabu sana."

Alida aliweka kalamu chini. "Mzee gani?"

"Yule wa kwenye kona. Aliniuliza mko wangapi. Nikamwambia niko peke yangu. Akasema, hapana, wameingia wawili." Winifred alicheka, halafu mkono wake ukashuka wenyewe hadi tumboni, ukakaa pale. Uso ukambadilika. "Madam, mimi sijamwambia mtu. Hata bwana wangu sijamwambia. Nimejua juzi tu."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Na ulipotoka," akauliza taratibu, "alikuaga? Alisema kitu?"

"Hapana. Nilipita tu. Nadhani hakuniona, alikuwa anatazama ukuta."

Walihesabiwa kuingia, hawakuhesabiwa kutoka; kwa mlinzi walikuwa bado amana. Alida alisimama. Alimshika Winifred mkono, akamrudisha mpaka kwenye ule mwanya mtupu, wakasimama kizingitini bila kukivuka. Ndani mabenchi yalikuwa wazi. Kona ilikuwa na giza la kawaida la siku ya mvua.

"Wale wawili wametoka," Alida akasema kwa sauti. "Wametoka wote wawili. Hapa wapo."

Kisha kutoka kwenye kona ikaja sauti tulivu, ya mtu aliyezoea kazi yake.

"Haya. Nimewaona."